Safari ya Kichupa: Kutoka Kitandani kwa Mgonjwa Hadi Maabara

(Hotuba hii ilitolewa bwaloni na mmoja wa wanafunzi wa zamani, fundi wa maabara mstaafu, siku ya mkutano wa mwaka wa chama chetu. Tumeichapa kama alivyoisema, ila tumeondoa salamu za mabweni, ambazo peke yake zingejaza kurasa mbili. – Mhariri)



Katibu aliponiandikia barua aliniomba nizungumze juu ya "Sayansi na Maendeleo ya Taifa". Maneno hayo ni makubwa, na mtu akipewa maneno makubwa huishia kuzunguka tu mpaka kengele ya chakula. Nimeomba ruhusa nizungumze juu ya kitu kidogo kinachoenea kiganjani: kichupa chenye damu au makohozi ya mgonjwa, jinsi kinavyotayarishwa, kinavyofungwa na kinavyosafirishwa mpaka kufika maabara iliyo mbali. Kwa miaka 34 mimi nilikuwa mpokeaji, mwisho wa safari hiyo. Nimepokea vingi vilivyofika salama. Nimepokea pia vilivyofika vimevunjika, vimeoza, vimepata joto kama uji, au havina jina. Kila kimoja kilikuwa na mtu nyuma yake aliyekuwa akisubiri jibu.

Watu wengi hudhani kwamba jibu la maabara linatengenezwa na mashine. Ni kweli, siku hizi tunazo mashine nzuri. Iko moja iitwayo GeneXpert, ambayo hutambua viini vya kifua kikuu katika makohozi kwa muda usiofika saa 2, na papo hapo huonyesha kama viini hivyo vimekuwa sugu kwa dawa ya rifampisini. Sisi wakati tunaanza kazi tuliinamia hadubini mpaka macho yakatoka machozi. Lakini mashine haiulizi maswali. Ukiitilia mate, itapima mate. Haijui kwamba kichupa kilikaa juani tangu asubuhi, wala kwamba damu hii ni ya Mariamu wa kitanda cha jirani. Hupima kilicholetwa, kisha hutoa jibu kwa uhakika ule ule.

Basi tuanze kitandani. Chukueni makohozi, maana ndiyo yanayodharauliwa zaidi. Mgonjwa hupewa kikopo na kuambiwa "tema humo". Atatema mate, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa. Anatakiwa asukutue mdomo kwa maji, atoke nje penye hewa na mbali na watu, avute pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha akohoe kutoka chini ya kifua mpaka kitoke kitu kizito. Kikopo kiwe na mdomo mpana na mfuniko wa kukaza kwa kuzungusha. Na jina liandikwe ubavuni mwa kikopo, lisiandikwe juu ya mfuniko. Tukifungua vikopo kumi maabara, mifuniko kumi hukaa mezani, na hapo hakuna ajuaye upi ni wa nani. Jina peke yake nalo halitoshi. Katika wilaya moja unaweza kupata akina Mariamu Juma watano kwa wiki moja, kwa hiyo andika umri, namba ya hospitali, kituo anakotoka, tarehe, na saa ambayo sampuli imetolewa.

Hiyo saa watu hawaiandiki. Wanaona ni urasimu. Nitawapa sababu moja tu. Damu ikitoka mwilini haifi papo hapo. Chembe zake huendelea kuishi ndani ya chupa, na chembe hai hula. Hula nini? Hula sukari iliyomo katika damu hiyo hiyo. Katika joto la kawaida la chumba, damu isiyotiwa dawa hupoteza kama asilimia 5 hadi 7 ya sukari yake kila saa. Hebu pigeni hesabu: damu ya mgonjwa wa kisukari imetolewa zahanati saa 2 asubuhi, ikasubiri gari, ikafika kwetu saa 9 alasiri. Sukari iliyokuwa juu imeshuka, na mgonjwa anaandikiwa kwamba ni mzima. Ndiyo maana iko chupa maalumu yenye kifuniko cha kijivu, ambayo ndani yake mna floraidi ya kuzizuia chembe zisiile sukari. Kifuniko cha zambarau kina dawa ya kuzuia damu isigande, nayo ni kwa kuhesabu chembe. Rangi hizi hazikuwekwa kwa urembo.

Jambo jingine ni barafu. Sisi watu wa nchi ya joto tuna imani kubwa na barafu. Tunadhani kila kitu kikitiwa barafu kimehifadhika. Damu nzima ikigandishwa, chembe nyekundu hupasuka, na madini ya potasiamu yaliyokuwa ndani yake humwagika. Daktari akisoma kipimo hicho atadhani moyo wa mgonjwa unakaribia kusimama. Maji ya uti wa mgongo, yale yanayochukuliwa kwa mtu anayedhaniwa kuwa na homa ya uti wa mgongo, yakiwa yanakwenda kuoteshwa viini hayatiwi kabisa kwenye jokofu, maana viini vya ugonjwa huo havistahimili baridi. Vitakufa njiani, na maabara itajibu kwamba hakuna kilichoota. Lakini mkojo wa kuoteshwa, usipofika ndani ya saa 2, uwekwe penye baridi, la sivyo viini vitazaana mpaka visihesabike. Na choo cha mtoto aliyepooza ghafla kinahitaji baridi njia nzima.

Hilo la mtoto aliyepooza nitalieleza kidogo. Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea mguu au mkono ghafla, huchukuliwa choo mara mbili, kwa kupisha angalau saa 24, na yote mawili yachukuliwe kabla ya siku 14 kupita tangu alipoanza kulegea. Kiasi chake ni kama ukubwa wa kidole gumba cha mtu mzima. Sampuli za kwetu huvuka mpaka na kwenda Entebbe, Uganda, katika Taasisi ya Utafiti wa Virusi. Inatakiwa zifike ndani ya siku 3 tangu zitumwe, na barafu iwe bado ipo ndani ya kasha. Fikirieni ni mikono mingapi: mama, mhudumu wa kijiji, muuguzi, dereva, karani wa usafirishaji, afisa wa forodha. Mmoja wao akiliacha kasha kibarazani mwishoni mwa juma, mtoto yule hatahesabika. Siku 14 zikipita, nafasi yenyewe nayo imepita.

Nakuja kwenye vinyama, yaani vipande vinavyokatwa mwilini ili kuchunguzwa kama ni saratani. Hapa kinachotakiwa ni fomalini, sehemu 1 ya fomalini ya dukani kwa sehemu 9 za maji, na kiasi chake kiwe mara 10 hadi 20 ya ukubwa wa kinyama. Mpasuaji aliyebana matumizi hutia kijiko kimoja, kinyama kinaiva nje na kuoza ndani. Wengine hutumia chupa ya dawa yenye shingo nyembamba. Kinyama kikiwa kibichi ni laini, kinapita. Kikikaa katika fomalini kinakuwa kigumu, hakitoki tena, nasi tunabaki na kitu kama ile meli ya mapambo iliyomo ndani ya chupa, mpaka tuvunje kioo.

Namkumbuka mama mmoja aliyekuwa na uvimbe kwenye titi. Kinyama chake kilisafiri siku 4 kutoka hospitali ambayo sitaitaja, kikiwa katika maji ya chumvi, bila fomalini hata tone. Kilipofika, harufu ilitangulia kabla ya mfuko. Tuliandika kwamba sampuli imeharibika, tafadhali leteni nyingine. Barua ilikwenda, lakini yule mama alikwisha kurudi kijijini akiwa na kidonda chake, na alikuwa ameambiwa kwamba ataitwa. Alikuja miezi 8 baadaye kwa nauli aliyochangiwa na ndugu. Safari hii hatukuhitaji hadubini ili kujua. Aliyekitia kinyama kwenye maji ya chumvi hakuwahi kumwona tena, na sidhani kama aliwahi kuambiwa.

Ila fomalini nayo ina madhara yake. Inaua viini, kwa hiyo kinyama kinachokwenda kuoteshwa viini vya kifua kikuu kisitiwe humo. Na usifunge chupa ya fomalini katika kasha moja na vioo vya damu ya malaria. Mvuke wake hupenya, hukausha ile damu nene, na rangi hazishiki tena. Vioo hivyo vina maadui wengi. Ukiviacha mezani vikauke bila kufunikwa, nzi na mende hulamba damu yote, na asubuhi unakuta kioo cheupe chenye jina la mgonjwa.

Sasa tufunge mzigo. Wanafunzi, nani anatoka pwani? Nyosheni mikono. Vizuri. Nyinyi mnalijua dafu. Mkwezi hulidondosha kutoka juu ya mnazi, linapiga chini kwa kishindo, na maji hayamwagiki. Kwa nini? Kwa sababu kuna kifuu kinachozuia maji, na nje ya kifuu kuna makumbi yanayomeza kishindo. Kanuni za dunia za kufunga sampuli zinafuata mpango huo huo, zikaongeza tabaka moja. Kwanza ni kichupa chenyewe, kisichovuja, mfuniko umekazwa. Kichupa hicho kinazungushiwa pamba au karatasi ya kunyonya, ya kutosha kumeza maji yote yaliyomo endapo kitapasuka. Vikiwa vichupa vingi, kila kimoja kiviringishwe peke yake visigongane. Kisha huingia ndani ya chombo cha pili, nacho hakivuji. Chombo cha pili huingia ndani ya kasha gumu la nje. Kasha lililofungwa hivi linatakiwa liweze kuanguka kutoka urefu wa mita 1.2, yaani kama kimo cha meza ya mapokezi na kidogo zaidi, bila kitu kutoka ndani.

Barafu hukaa nje ya chombo cha pili, ndani ya kasha la nje. Na kile chombo cha pili kishikizwe vizuri, maana barafu ikiyeyuka nafasi hubaki wazi, kikaanza kucheza kama kokwa ndani ya debe. Fomu ya mgonjwa nayo hutiwa kwenye mfuko wake, kati ya chombo cha pili na kasha. Nimepokea fomu nyingi zilizoviringishwa kwenye kichupa kwa mpira. Kichupa kikivuja, fomu inalowa damu, wino unayeyuka, na karani wa mapokezi anaishika kwa mikono mitupu akijaribu kusoma jina. Wala usifunge mfuko kwa pini za karatasi. Zinatoboa glavu na kidole pamoja. Na usitume bomba la sindano likiwa na sindano yake. Hilo nilitamani liandikwe kwenye mlango wa kila wodi.

Nje ya kasha hubandikwa alama ya mraba uliosimama kwa pembe, kila upande si chini ya milimita 50, na ndani yake maandishi UN 3373. Hiyo ndiyo namba ya sampuli za kawaida za wagonjwa. Zile zenye viini vya hatari kubwa kabisa, kama Ebola na Marburg, namba yake ni UN 2814, na ufungaji wake ni mkali zaidi, kwa makasha yaliyojaribiwa na kuidhinishwa, mikononi mwa watu waliofunzwa tu. Jina na simu ya mtu wa kuulizwa yawepo pia. Na ikitumika barafu kavu, ile hewa ya ukaa iliyogandishwa mpaka nyuzi 78 chini ya sifuri, kasha lisizibwe kabisa. Hewa ile hutanuka ikiyeyuka. Ukiitia ndani ya chupa ya chai na kukaza kizibo, umetengeneza bomu.

Nimetaja chupa ya chai, na wengine wamecheka. Mwishoni mwa Septemba 1976 damu ya mtawa mmoja wa Kibelgiji aliyekuwa mgonjwa huko Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilipelekwa kutoka Kinshasa mpaka Antwerp, Ubelgiji. Ilikuwa ndani ya chupa ya chai ya kawaida, katika mzigo wa mkononi wa abiria, ndani ya ndege ya abiria. Ilidhaniwa ni homa ya manjano. Wataalamu wa Antwerp, akiwemo kijana Peter Piot, waliifungua wakiwa wamevaa glavu tu. Ndani walikuta vichupa viwili. Kimoja kilikuwa kimevunjika, na damu imechanganyika na maji ya barafu iliyoyeyuka. Katika kile kilichosalia wakaviona virusi ambavyo baadaye vilipewa jina la mto Ebola. Mlipuko ule wa Yambuku uliwapata watu 318, na 280 kati yao walikufa. Hakuna aliyeambukizwa kule Antwerp. Lakini Novemba mwaka huo huo, mtaalamu mmoja wa maabara ya Porton Down, Uingereza, alijichoma sindano akishughulika na virusi hivyo. Aliugua sana, akapona. Wengine huisimulia habari hii kama ushujaa. Mimi nikiisoma namfikiria abiria aliyeketi karibu na mzigo ule.

Hata jina la Marburg limetoka kwenye mkosi wa namna hiyo. Mwaka 1967 walioanza kuugua walikuwa watu wa maabara, katika miji ya Marburg na Frankfurt, Ujerumani, na Belgrade, waliokuwa wakishughulika na nyani walioletwa kutoka Uganda. Waliougua jumla yao 31, waliokufa 7. Miaka 56 baadaye ugonjwa huo ukabisha hodi kwetu. Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza kwamba Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii imevithibitisha virusi vya Marburg kwa wagonjwa wa Mkoa wa Kagera. Walikuwa watu 9, mmoja wao akihesabiwa bila kipimo, na 6 walikufa, akiwemo mhudumu wa afya. Mlipuko ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 2 Juni 2023. Januari 2025 ukarudi, wilayani Biharamulo. Safari hiyo kulikuwa na maabara inayohamishika pale Kabaile, Kagera kwenyewe, kisha Dar es Salaam wakathibitisha. Ilitangazwa tarehe 20 Januari. Watu 10 walihesabiwa, 2 kwa kipimo na 8 kwa dalili na ukaribu wao na wagonjwa, na wote walikufa.

Kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara. Nawaomba wazee wenzangu wenye mabasi na malori mniwie radhi, maana sasa nawageukia nyinyi. Kifurushi cha hospitali hupitia kwenu. Nimewahi kupokea kasha lililosafiri juu ya injini ya basi, makohozi yamepikwa. Nimepokea jingine lililotumwa likiwa limeandikwa "vipuri", kwa sababu mtumaji aliogopa kwamba likiandikwa ukweli konda atalikataa. Huyo simtetei. Aliwadanganya abiria 60, na kama lingepasuka, mpakuzi angetia mkono ndani akitafuta vipuri. Lakini makonda siwalaumu haraka. Mtu anayelikataa kasha lenye alama anafanya hivyo kwa kuwa hakuna aliyemwambia maana yake. Maana yake ni kwamba limefungwa sawasawa, na kwamba unalijua. Liweke kivulini, lisimame wima, mbali na chakula na kuku. Ukiona linavuja usilifungue, usilifute kwa kitambaa chako. Waondoe watu, upige namba iliyoandikwa. Wanaojua watakuja na glavu na dawa ya klorini, wataifunika sehemu ile, watamwaga dawa kuanzia ukingoni kuelekea katikati, na watasubiri kabla ya kufuta.

Iko njia nyingine ambayo mimi naipenda kuliko zote, kwa sababu inafaa nchi zenye barabara kama zetu. Matone machache ya damu kutoka kisigino cha mtoto mchanga hudondoshwa kwenye karatasi maalumu yenye miduara, yakaachwa yakauke vizuri, mbali na jua na vumbi, kisha karatasi hutiwa kwenye mfuko pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu. Kwa karatasi hiyo tunaweza kujua kama mtoto amepata virusi vya Ukimwi kutoka kwa mama. Haihitaji barafu, haivunjiki, haimwagiki. Inaharibiwa na haraka tu: mtu akiifunga ikiwa bado mbichi, inaota ukungu.

Ndugu Mwenyekiti, naona unaangalia saa, na mimi nazijua alama zako tangu ulipokuwa kiranja wa bweni. Mwalimu wa Baiolojia ameniruhusu nitumie ile meza ya pembeni. Pale kuna makasha manne, vichupa, pamba, na maji yaliyotiwa rangi nyekundu. Kidato cha Tatu watafunga mawili. Mawili mengine watafunga wazee, ambao wanaona jambo hili ni rahisi. Baada ya chakula tutayapandisha yote juu ya kabati la vitabu na kuyaangusha, kisha tuyafungue mbele ya watu wote tuone ya nani yamelowa.